Kabla hujanunua PS au Xbox hapa Mwanza: namna ya kuzisoma gemu za kipekee usije ukanunua mashine kwa ajili ya trela

Mwangaluka wadau. Kuna swali naulizwa kila mara na watu wa hapa mjini, wengine wanakuja kabisa na hela mfukoni, "kaka nichukue PS5 au Xbox?", na ukimhoji kidogo unakuta keshaamua zamani kwa sababu ya gemu moja aliyoiona trela yake YouTube. Hiyo gemu moja ndo nataka tuiongelee, maana haikukaa upande mmoja kwa bahati mbaya, kuna watu walikaa mezani wakalipana mamilioni ya dola ili wewe wa Igoma au Nyegezi uone huna namna isipokuwa kununua mashine yao. Wao walishapiga hesabu zao, sasa na wewe piga za kwako kabla hela haijatoka.

Kwanza ujue hela yao iko wapi

Wengi wanadhani Sony wenye PS na Microsoft wenye Xbox wanatajirika kwenye lile boksi unalobeba dukani, yani konsoli. Mwaka 2021 kwenye kesi ya Epic Games na Apple kule Marekani, bosi mmoja wa Xbox anaitwa Lori Wright aliulizwa mahakamani wanapata faida kiasi gani kwenye konsoli, akajibu hawapati, wanaziuza kwa hasara. Hela inarudi kwenye gemu. Kila gemu inayouzwa kwenye duka lao la mtandaoni wanakata karibu asilimia 30 hata kama aliyeitengeneza ni mtu mwingine kabisa, bado ada ya kucheza online, bado pedi na vikorokoro vingine. Kwa hiyo kinachopiganiwa hapo ni kukuingiza ndani tu, ukishaingia ukanunua gemu tano sita kwenye akaunti yako huhami kirahisi, maana zile gemu hazihami na wewe.

Na kinachomwingiza mtu ndani sio namba za prosesa wala sijui teraflopsi, watu wachache sana wananunua kwa hizo. Kinachomwingiza ni gemu ambayo kwenye mashine nyingine haipo.

Waliokaa Mwaloni Kirumba au visiwani huko wanaujua vizuri huu utaratibu: tajiri anampa mvuvi nyavu na injini, sharti lake samaki wote watakaotoka auziwe yeye. Mvuvi anapata mtaji ambao asingeupata, tajiri anapata uhakika wa mzigo, anayebaki bila sauti ni mnunuzi wa mwisho maana samaki wanapatikana kwa mtu mmoja na bei anaipanga huyo huyo. Studio ya gemu ndo mvuvi, Sony au Microsoft ndo tajiri, mnunuzi ni mimi na wewe.

Jifunze kutofautisha aina za kufungwa

Hapa ndo penye kazi, kaa nami, kwa sababu gemu mbili zinaweza kuitwa za kipekee zote halafu moja ukiisubiri mwaka unaipata kwenye mashine uliyonayo, na nyingine ukisubiri utasubiri sana.

Gemu iliyotengenezwa na studio inayomilikiwa na kampuni ya konsoli imebana kweli. Naughty Dog waliotengeneza The Last of Us na Uncharted ni wa Sony. Santa Monica Studio wa God of War ni wa Sony. Insomniac walitengeneza Marvel's Spider-Man ya 2018 kwa mkataba na Sony, ikauza sana, na mwaka uliofuata Sony wakainunua studio nzima kwa dola milioni 229. Ukiona hivyo usitegemee Spider-Man kwenye Xbox. Nintendo ndo wamebana kuliko wote, Mario na Zelda na Mario Kart zinakaa kwenye mashine za Nintendo basi, hata kwenye PC hawazipeleki.

Alafu kuna zile zilizolipiwa muda. Hizi ndo zinawaingiza watu mkenge sana, maana tangazo linapiga kelele jina la konsoli moja halafu chini kabisa kuna maandishi madogo. Final Fantasy XVI ilitoka Juni 2023 kwa PS5 peke yake, na kwenye trela zake waliandika wazi kwamba upekee wake ni wa miezi 6. Ikaja PC Septemba 2024, ikafika Xbox Juni 2025. Upande wa pili nao hivyohivyo, Rise of the Tomb Raider ilitoka Xbox mwaka 2015, waliokuwa na PS4 wakaipata mwaka mmoja baadaye ikiwa na vitu vya ziada ndani. Mtu aliyenunua mashine nzima kwa ajili ya gemu ya aina hii alichonunua ni kuwahi tu, basi. Kama kuwahi kwako ni muhimu na hela ipo, sawa, ila ujue ndo hicho umelipia.

Kuna nyingine ambayo gemu inatoka kote lakini kipande chake kimefungwa. GTA IV ya 2008 ilitoka PS3 na Xbox 360 siku moja, ila Microsoft walilipa dola milioni 50 ili zile hadithi mbili za nyongeza zianzie kwao, na wa PS3 walikuja kuzipata 2010. Wapenzi wa mpira wanakumbuka ya Juventus: Konami walisaini mkataba na Juve kuanzia gemu yao ya mpira PES 2020, kwa hiyo kwenye FIFA 20, 21 na 22 ukitaka kuwatumia Juve unakutana na timu inaitwa Piemonte Calcio, wachezaji walewale, jezi na nembo za kubuni. Ile haikuwa vita ya konsoli, ilikuwa vita ya gemu kwa gemu, ila mbinu ni ileile na watu walibishana sana vijiweni kwamba CD ni feki! Haikuwa feki.

Na ya mwisho ni kununua kampuni nzima pamoja na kila kilichomo. Microsoft walitangaza 2020 kununua ZeniMax, wenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5, ndo maana Starfield ilipotoka 2023 ilienda Xbox na PC, PlayStation wakaikosa. Halafu Januari 2022 wakatangaza kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, na hapo Sony wakapiga kelele dunia nzima kwa sababu ya Call of Duty. Serikali ya Marekani kupitia tume yake ya ushindani ikaenda mahakamani kuzuia, Uingereza nao wakakataa Aprili 2023, Julai mahakama ya Marekani ikakataa kuzuia, Microsoft wakasaini na Sony kwamba Call of Duty itabaki PlayStation kwa miaka 10, na Oktoba 2023 dili likafungwa baada ya haki za kuzirusha gemu zake moja kwa moja mtandaoni bila kuzishusha (cloud) kupewa kampuni nyingine ya gemu, Ubisoft. Angalia kilichowatoa jasho watu wote hao, mahakama na mawakili na nchi mbili kubwa: hofu kwamba gemu moja inaweza kufungwa upande mmoja. Hapo unaona upekee una uzito gani kwenye hii biashara.

Soma maandishi madogo

Kwa vitendo sasa. Fungua trela kwenye chaneli rasmi ya kampuni, usiangalie ile iliyopostiwa na mtu mwingine kakata mwisho. Ipeleke hadi sekunde za mwishoni pale nembo zinapotokea, simamisha, zuumu. Ukikuta "Console Exclusive" maana yake kwenye konsoli ni moja tu lakini PC inaweza kuwa ndani tayari au iko njiani. Ukikuta "Timed Exclusive" au wametaja miezi, hiyo ni ya kusubiri. Ukiona nembo ya Sony Interactive Entertainment kama mchapishaji, au studio ni ya PlayStation Studios, hapo ndo imebana. Ukiona mchapishaji ni kampuni nyingine kama Square Enix au Capcom na bado iko upande mmoja, uliza kalipwa nani na hadi lini. Mchapishaji wa nje anataka kuuza kila mahali, akikaa sehemu moja kuna sababu.

Hata zile za Sony zenyewe siku hizi zinafika PC, zinachelewa tu. God of War ya 2018 ilifika PC Januari 2022. Iliyofuata, God of War Ragnarök, ilitoka Novemba 2022 ikafika PC Septemba 2024. Spider-Man 2 ilitoka Oktoba 2023, PC Januari 2025. Kwa hiyo kama una kompyuta nzuri ya gemu, na hapa Mwanza wapo wanafunzi wengi wanazo, hesabu yako inabadilika kabisa, unaweza usihitaji konsoli. Bloodborne ndo imegoma, ya 2015 hiyo na haijawahi kutoka nje ya PS4, watu wanaililia mpaka leo.

Gemu moja inaweza kugeuza soko, ila sio kila mara

Nawaambia hii kwa sababu vijana wengi wanaamini konsoli yenye gemu nyingi za kipekee lazima ishinde. Historia inasema kuna kitu kingine ndani yake.

Chukua Final Fantasy VII. Mfululizo huo ulikuwa wa Nintendo toka mwanzo. Wakati Nintendo wanatengeneza konsoli yao ya N64 waliamua kubaki na kaseti za kuchomeka, ambazo kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64, wakati CD moja ya PlayStation inabeba karibu megabaiti 650 na kuichapisha ni bei chee. Square, wenye Final Fantasy, walikuwa na gemu yenye video na ramani kubwa, ikajaa CD tatu, N64 isingeiweza hata kidogo. Wakahama kwenda Sony, gemu ikatoka 1997, na Sony ambao walikuwa wageni kabisa kwenye hii biashara wakapata kitu cha kuwaonyesha watu. Unaona, hapo hakuna aliyefunga gemu kwa pesa peke yake, uamuzi wa kiufundi wa Nintendo ndo ulimfukuza mshirika wao wa miaka mingi. Na Nintendo hao hao enzi za NES, konsoli yao ya zamani, walikuwa wakali kupita maelezo, mtengenezaji wa nje aliruhusiwa gemu 5 tu kwa mwaka na kila gemu ikae kwao miaka miwili. Waliobanwa namna hiyo walipoona mlango wa Sony uko wazi unadhani wangefanya nini?

Microsoft waliingia Novemba 2001 na Xbox, boksi kubwa zito pedi kubwa, kilichowabeba ni Halo, gemu ambayo waliipata kwa kuinunua studio ya Bungie mwaka 2000. Bila Halo sijui kama leo tungekuwa tunaongelea Xbox.

Sasa angalia upande huu mwingine. Nintendo Wii U ilikuwa na Mario Kart 8, gemu nzuri kabisa ya kipekee, na mashine ikafa na mauzo ya milioni 13 na nusu tu. Mwaka 2017 wakatoa Switch, wakaichukua gemu ileile wakaiongezea vitu kidogo, ikauza zaidi ya nakala milioni 60. Gemu ni ileile! Kilichobadilika ni mashine, watu walielewa Switch ni kitu gani na wanaibeba popote. Gemu ya kipekee inamsukuma mtu ambaye tayari mashine imemkaa kichwani, mashine yenyewe ikiwa haieleweki haiokoi.

Na kwetu huku nina imani yangu kwamba sababu ya neno PS kuwa jina la kila gemu mtaani, hata mtu akicheza kwenye kompyuta mama atasema anacheza PS, ni mpira. Winning Eleven za Konami kwa miaka ya mwanzo zilikaa zaidi PlayStation, zikiitwa PES zilikuja kufika PC mwaka 2003 na Xbox 2004, na wakati huo mabanda ya gemu yalishajaa PS1 na PS2, CD zilishajaa, mafundi walishazijua. Upekee ulishaisha siku nyingi ila athari yake imebaki, mpaka leo ukipeleka Xbox kwa fundi mitaa ya katikati ya mji anaiangalia mara mbili mbili, PS anaifungua huku anaongea na simu.

Upepo wa saivi unavyovuma

Hii sehemu isome vizuri maana ushauri wa miaka mitano iliyopita umeshapitwa.

Xbox wameanza kufungua milango. Februari 2024 walitangaza gemu nne kupelekwa kwa washindani, zikiwemo Sea of Thieves na Hi-Fi Rush. Aprili 2025 Forza Horizon 5 ikaingia PS5, Agosti Gears of War: Reloaded, na Oktoba wakatangaza Halo: Campaign Evolved, wakasema itakuja PS5 mwaka 2026. Halo kwenye PlayStation! Mtu angesema hivyo 2005 kijiweni angepigwa makofi. Sababu kubwa ni gharama. Kwenye makaratasi ya ile kesi ya Activision ilionekana The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220 kuitengeneza, sasa ukitumia hela ya namna hiyo ukauzia nusu ya soko tu unahatarisha, na Xbox ambao mashine zao ni chache kuliko za Sony ndo wanaumia zaidi. Sony nao wanalegeza kidogo kwenye gemu za online, Helldivers 2 ilitoka PS5 na PC siku moja Februari 2024, ikaingia Xbox Agosti 2025. Ila zile za hadithi za mtu mmoja bado wanazishikilia, kama Ghost of Yōtei ya Oktoba 2025.

Kwa hiyo maoni yangu bila kuzunguka: kununua Xbox kwa ajili ya gemu za kipekee hakuna maana tena. Nunua Xbox kama umeipata kwa bei nzuri na intaneti yako ni ya uhakika, kwa ajili ya Game Pass, ile unayolipa kwa mwezi ukacheza gemu nyingi bila kuzinunua, na hata hiyo Oktoba 2025 walipandisha ile ya juu kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, piga hesabu ya mwaka mzima uone. Nunua PS kama unazipenda kweli zile gemu za Sony au kama wenzako wote wako huko. Nintendo ni mashine safi sana kwa watoto, tatizo lake hapa ni upatikanaji wa gemu zenyewe mkononi, na kama mtu anataka mpira ajue FIFA za Switch kwa miaka kadhaa zilikuwa zinaitwa Legacy Edition, yani wanabadilisha jezi na vikosi, gemu ni ileile ya nyuma.

Sasa fanya yako

Chukua karatasi, andika gemu ambazo wewe au mtoto wako mtazicheza kweli, sio mnazozisifia. Alafu pita moja moja uweke alama, iko kote, au upande mmoja kwa muda, au upande mmoja moja kwa moja.

Kuna mama mmoja wa Nyakato alikuja na karatasi ya mtoto wake, kaikunja ndani ya kitenge, imeandikwa kwa kalamu nyekundu FIFA, Spider-Man, Mortal Kombat, GTA, Fortnite, na chini kabisa kwa herufi kubwa PS5. "Mwanangu naomba uniambie ukweli, hii ya chini ni lazima?" Nikamwambia mama tukae tuangalie. FIFA, siku hizi EA Sports FC, iko kote na hata ya 2026 imetoka mpaka kwa PS4. Mortal Kombat zipo za PS4. Fortnite bure, na haidai ada ya PlayStation Plus kucheza online. GTA V ipo, ila nilimwambia ni ya miaka 18 kwenda juu, akaichora mstari mwenyewe, mtoto yuko darasa la sita. Ikabaki Spider-Man, hiyo kweli ni ya Sony, lakini ya kwanza na ile ya Miles Morales zote zinaingia PS4, ya pili tu ndo inadai PS5. "Kwa hiyo anachokililia kwenye hii PS5 ni gemu moja?" Ndio mama, moja. Akachukua PS4 iliyotumika na pedi mbili, hela iliyobaki akasema ni ya ada. Karatasi ile ndo ilifanya kazi, mimi nilimsomea tu.

Kama karatasi yako ina tatu au nne za upande mmoja moja kwa moja, usiumize kichwa, nunua upande huo. Ikiwa na moja, jiulize kama uko tayari kulipia mashine nzima kwa masaa 20 ya hadithi. Zikiwa zote ziko kote, basi gemu za kipekee hazikuhusu, angalia mambo mengine, na la kwanza ni washikaji zako. FC tangu FIFA 23 mtu wa PS5 anacheza online na wa Xbox Series, hiyo imesaidia, ila kuazimana CD bado ni kwa wenye mashine moja. Watu watano wa mtaa mmoja wa Mabatini wenye PS4, kila mtu akinunua CD moja, kila mmoja ana gemu tano. Ndo maana nawaambia watu waangalie tundu la CD. Xbox Series S haina, PS5 Digital haina, PS5 Pro haiji nayo. Bei inaonekana nafuu pale dukani, ukifika nyumbani kila gemu unashusha kwa bando, gemu moja inaweza kupita gigabaiti 100, na ukiimaliza huwezi kumuuzia mtu. Hiyo nafuu inarudi yote kwao.

GTA VI wengi mnaniuliza, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S, tarehe waliyotoa ni 19 Novemba 2026. Konsoli zote mbili za kisasa, kwa hiyo isikuchagulie upande. PS4 ndo haimo.

Wenye mabanda

Hesabu yenu ni nyingine kabisa. Mteja wa banda analipa kwa mechi au kwa saa, anakuja na mwenzake, anataka kumfunga mtu akiwa amekaa pembeni yake. Gemu zinazoleta hela ni za wawili, FC, eFootball, Mortal Kombat, Tekken, WWE, na zote hizo hazijafungwa upande mmoja. God of War ni gemu kubwa lakini mtu mmoja anakaa nayo na ukuta wote unamsubiri. Nimeona banda Buzuruga limefunga PS5 moja kwa sifa na PS4 nne kwa kazi, watu wanapiga picha na PS5 halafu wanaenda kukaa kwenye PS4, na mwenye banda mwenyewe anakubali PS4 ndo zinalipa kodi ya fremu. Weka hela kwenye pedi za akiba na kilinda umeme kabla hujawaza gemu ya kipekee yoyote.

Akaunti

Kitu kimoja hakizungumzwi. Duka la PlayStation halijafunguliwa rasmi kwa Tanzania, kwa hiyo watu wanafungua akaunti za nchi nyingine na kununua kwa kadi za zawadi za nchi hiyo. Kuna madhara yake: kadi lazima ilingane na nchi ya akaunti, ukishachagua nchi kuibadilisha ni ngumu, na gemu zote ulizonunua zinakaa humo. Hili sio la kinadharia, Mei 2024 Sony waliposema wachezaji wa Helldivers 2 wa PC lazima waunganishe akaunti ya PSN, yani mtandao wa PlayStation, gemu iliondolewa kwenye Steam, duka la gemu za PC, kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, kelele zikawa nyingi wakaliondoa lile sharti. Kwa hiyo gemu ya kipekee ya kidijitali kwetu ina kufuli mbili, ya mashine na ya nchi. Inapowezekana chukua CD.

Na ukinunua mashine iliyotumika, usikubali ukabidhiwe ikiwa na akaunti ya mtu ndani eti ina gemu thelathini za bure. Mwenye akaunti akibadilisha nenosiri jioni ile zote zinajifunga, na ndo hizo hizo gemu za kipekee walizokupigia nazo debe. Mwambie aitoe akaunti yake mbele yako, weka ya kwako, weka CD uone inasoma, cheza nusu saa usikilize feni, achia pedi mezani uangalie kama mchezaji anatembea mwenyewe. Vyote vikiwa sawa ndo utoe hela.